Oksijeni imeshikwaje? Kazi ya John Goodenough, kutoka kwenye sumaku hadi betri ya ukutani

Mbukwenyi! Ndugu walimu wa fizikia na kemia, ndugu mafundi wa sola mliotoka Chamwino, Bahi, Kongwa na Mpwapwa, nanyi wanafunzi mliojaza viti vya nyuma, karibuni sana.

Fundi aliyewahi kufungua sanduku la betri ya lithiamu ya sola anajua kilichomo. Seli nne zimebanwa pamoja kama vitabu kwenye rafu, waya mwembamba unatoka kwenye kila seli kwenda kwenye bodi ya BMS, ile inayosimamia na kulinda seli, na kila seli imeandikwa 3.2V. Sasa angalia betri ya simu: imeandikwa 3.7 au 3.8. Zote mbili zinaitwa lithiamu, na upande wa hasi zote zina kinywe (grafaiti), madini yale yale yaliyoko ardhini kule Mahenge. Kwa nini basi namba zinapishana? Na kwa nini ile yenye namba ndogo ndiyo tunayomshauri mtu aifunge kwenye nyumba wanamolala watoto wake?

Majibu yote mawili yamo katika kazi ya mwanafizikia John Goodenough, kazi iliyochukua takriban miaka sabini. Nitaieleza kwa kufuata swali moja ambalo, kwa maoni yangu, hakuliacha tangu ujana wake hadi alipofariki Juni 2023 akiwa na umri wa miaka 100. Ndani ya fuwele, oksijeni imeshikwa kwa nguvu gani, na yenyewe inaishikaje metali iliyo jirani yake?

Alizaliwa Jena, Ujerumani, tarehe 25 Julai 1922, wazazi wake wakiwa Wamarekani, na akakulia Marekani. Alisoma hisabati Yale. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa mtaalamu wa hali ya hewa jeshini, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Chicago kusoma fizikia na kupata shahada ya uzamivu mwaka 1952. Hapo alikuwa na miaka 30, na betri alikuwa bado hajaigusa.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa Lincoln Laboratory, maabara iliyo chini ya chuo kikuu cha MIT, Marekani, kwenye kumbukumbu za kompyuta. Kumbukumbu za siku zile zilikuwa pete ndogo sana za feraiti, zimetungwa kwenye nyaya kama shanga. Pete moja ilihifadhi tarakimu moja: usumaku ukizunguka huku ni 0, ukizunguka kule ni 1. Feraiti ni oksaidi ya chuma iliyochanganywa na metali nyingine, na ndani yake atomu za chuma hazigusani, kwa sababu katikati yao kuna oksijeni. Usumaku wa chuma hiki unamfikia mwenzake kwa kupitia kwenye elektroni za oksijeni. Zitakubaliana au zitapingana kutegemea pembe ya pale zinapokutana na idadi ya elektroni ambazo kila moja inazo. Taratibu za kutabiri hilo zinaitwa mpaka leo kanuni za Goodenough na Kanamori, kwa jina lake na la Mjapani Junjiro Kanamori.

Naomba walimu mlishike hilo. Kabla ya betri, mtu huyu alishakaa zaidi ya miaka ishirini akijifunza mahali elektroni zinapokaa katika oksaidi za chuma, kobalti na manganizi. Alipofika kwenye betri alikuja na ramani mkononi.

Mlango wa kuingilia ulikuwa sodiamu. Katikati ya miaka ya 1960 watafiti wa kampuni ya Ford walionyesha kwamba kauri ya oksaidi ya alumini yenye sodiamu inaweza kupitisha ioni za sodiamu, yaani atomu zenye chaji, wakaitumia kutengeneza betri ya sodiamu na salfa iliyofanya kazi kwenye joto la nyuzi 300 na zaidi, sodiamu na salfa zote zikiwa zimeyeyuka. Goodenough akaanza kutafuta kauri nyingine yenye njia pana zaidi za ioni, na mwaka 1976 maabara yake ikatoa ile inayojulikana kama NASICON. Mwaka huo huo akahamia Oxford kuongoza maabara ya kemia isiyo ya kikaboni. Mwanafizikia kuongoza maabara ya kemia halikuwa jambo la kawaida wakati ule, na hata leo si la kawaida sana.

Betri ya lithiamu iliyokuwa inazungumzwa wakati huo ilikuwa ya Stanley Whittingham, aliyekuwa kampuni ya Exxon. Upande wa hasi ulikuwa metali tupu ya lithiamu, na upande wa chanya titaniamu na salfa zilizopangwa kwa tabaka, lithiamu ikiingia katikati ya tabaka na kutoka. Ilitoa volti 2 na kitu. Ilikuwa na shida mbili. Lithiamu tupu huota miiba kila unapochaji, na mwiba ukifika upande wa pili betri inapiga shoti na kuwaka. Shida ya pili ni hiyo volti yenyewe, ambayo ilikuwa ndogo.

Volti ndani ya betri ni nini? Fikirini kisima. Elektroni inaanzia juu, kwenye lithiamu, na kudondoka hadi chini, kwenye metali ya upande wa chanya. Kisima kikiwa kirefu, volti ni kubwa. Lakini kila mchimba visima wa huku kwetu anajua kwamba kina hakiamuliwi na hamu ya mtu bali na mwamba anaoukuta chini. Kwenye salfaidi mwamba huo ni elektroni za salfa yenyewe, na unaukuta mapema, karibu na volti 2.5. Ukilazimisha kupita pale, unaanza kuinyang'anya salfa elektroni zake na fuwele inaharibika. Elektroni za oksijeni zimekaa chini zaidi. Goodenough aliona kwenye ramani yake kwamba ukiweka oksijeni mahali pa salfa, na kobalti mahali pa titaniamu, unaweza kuchimba hadi volti 4 kabla ya kukutana na mwamba.

Ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 1980 yeye na Koichi Mizushima, aliyetoka Japani, pamoja na wenzao wakachapisha oksaidi ya lithiamu na kobalti. Namna ya kuipika haina maajabu: chumvi ya lithiamu na ya kobalti zinasagwa pamoja, zinashindiliwa kuwa kidonge, kisha zinachomwa hewani kwenye joto la karibu nyuzi 900. Jambo ambalo mafundi mnapaswa kulijua ni kwamba poda hiyo inatoka tanuruni ikiwa tayari na lithiamu ndani. Maana yake ni kwamba seli inaunganishwa kiwandani ikiwa haina chaji, na inachajiwa mara ya kwanza baada ya kufungwa. Kwa hiyo upande wa hasi hauhitaji tena lithiamu tupu. Akira Yoshino, Japani, akaweka hapo kaboni mwaka 1985, na Sony ikaanza kuuza seli hizo mwaka 1991. Oxford haikuona haja ya kugharimia hataza. Hataza ilichukuliwa kupitia maabara ya nishati ya atomiki ya Harwell, na Goodenough hakupata mrabaha wowote wa ugunduzi huo. Tuzo ya Nobel ya kemia ilikuja mwaka 2019, yeye, Whittingham na Yoshino pamoja. Alikuwa na miaka 97, mkubwa kuliko yeyote aliyewahi kuipata.

Sasa tatizo la kobalti, maana hapa ndipo swali letu la oksijeni linapouma. Nadharia inasema gramu moja ya poda ile ingebeba miliampea-saa 274, lakini tunachota takriban nusu tu. Ukitoa lithiamu zaidi ya nusu unakuwa umefika kwenye ule mwamba, na oksijeni inaanza kutoa elektroni zake na kulegea. Ndiyo maana chaja ya simu inasimama 4.2 au juu kidogo tu ya hapo. Na poda iliyochajiwa ikipata joto la karibu nyuzi 200, inatema oksijeni. Angalieni hatari yake: ndani ya mfuko mmoja uliofungwa mna elektroliti, ambayo ni kimiminika kinachowaka, na mna oksijeni. Moto huo hausubiri hewa ya nje. Kuufunika kwa blanketi hakutoshi. Unahitaji maji mengi ya kupooza, na kuondoa watu, kwa sababu moshi wake ni sumu.

Pale pale Oxford, Michael Thackeray aliyetoka Afrika Kusini alifanya naye kazi ya manganizi, ambayo ni rahisi na haina sumu ya kobalti. Ni kazi nzuri, ila kwenye joto manganizi huyeyuka kidogo kidogo ndani ya elektroliti, na betri inachoka mapema. Kwa hali ya hewa ya hapa nisingeichagua.

Mwaka 1986 Goodenough akahamia Chuo Kikuu cha Texas, Austin, akabaki hapo mpaka mwisho. Huko alishika mambo mawili kwa pamoja, seli za fueli na betri, na ukiyaweka kando kando utaona ni swali moja limegeuzwa juu chini. Kwenye betri unataka oksijeni ikae imetulia mahali pake. Kwenye seli ya fueli ya kauri unataka oksijeni itembee.

Seli ya fueli ni mashine inayotoa umeme kwa kemia kama betri, isipokuwa chakula chake kinaletwa kutoka nje, gesi upande mmoja na hewa upande wa pili. William Grove aliionyesha mwaka 1839. Hidrojeni na oksijeni kwa nadharia zinatoa volti 1.23, seli ikifanya kazi kweli unapata 0.6 hadi 0.7, hivyo zinapangwa kwa makumi ili volti itoshe. Katika ile ya kauri, ukuta wa katikati ni oksaidi ya zirkoniamu iliyochanganywa na kiasi kidogo cha itriamu. Kila itriamu mbili zinazoingia zinaacha nafasi moja tupu ya oksijeni, na ioni za oksijeni zinarukia nafasi hizo kama watu wanaosogea kwenye foleni. Lakini zinaruka vizuri kwenye nyuzi 800 hadi 1,000 tu. Kwenye joto hilo chuma cha pua cha kawaida kinaliwa na kutu na viungio vinavuja. Ukiharakisha kupasha, tabaka zinatanuka kwa viwango tofauti na kauri inapasuka. Maabara nyingi hupandisha nyuzi 1 hadi 3 kwa dakika. Kwa nyuzi 2, kutoka 25 hadi 800 ni zaidi ya saa sita, na kushuka ni hivyo hivyo.

Kwa hiyo kazi yote ilikuwa kushusha joto. Mwaka 1994 Tatsumi Ishihara na wenzake Japani walichapisha oksaidi ya lanthanamu na galiamu yenye strontiamu na magnesiamu. Kwenye nyuzi 800 inapitisha oksijeni mara kadhaa zaidi ya ile ya zirkoniamu. Kundi la Goodenough lilishughulika sana na kauri hiyo hiyo na likakutana na tatizo lake. Anodi ya kawaida, yaani upande unaopokea gesi, ina nikeli, na nikeli ikikutana na lanthanamu wakati wa kuchoma, zinaungana na kutengeneza tabaka linalozuia ioni. Tiba ilikuwa kupaka tabaka jembamba la oksaidi ya seriamu katikati ili hizo mbili zisionane.

Nikeli ina maudhi mengine mawili, na haya yanatuhusu moja kwa moja tuliojaliwa gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay, na ng'ombe wa kutosha kwa bayogesi hapa kanda ya kati. Methani ikipita kwenye nikeli ya moto bila mvuke wa maji wa kutosha inavunjika na kuacha masizi, na masizi yanakua ndani ya nikeli mpaka anodi inamomonyoka. Salfa nayo, hata ikiwa kidogo mno, inakalia uso wa nikeli na kuzima kazi. Mwaka 2006 kundi la Austin lilionyesha anodi ya oksaidi yenye strontiamu, magnesiamu na molibdenamu, isiyo na nikeli, iliyovumilia methani na salfa vizuri zaidi. Mpaka anodi za namna hiyo zitakapokuwa bidhaa ya dukani, gesi lazima isafishwe.

Kwa bayogesi usafishaji huo mnaweza kuufanya hata leo, na unafaa hata kwa jenereta. Ile harufu ya mayai viza ni gesi ya hidrojeni iliyoungana na salfa. Jaza bomba la plastiki kwa vumbi la chuma lenye kutu au sufi ya chuma iliyoachwa ishike kutu, iwe na unyevu kidogo, kisha pitisha gesi kutoka chini kwenda juu. Kutu inakamata salfa na kugeuka nyeusi. Ikiisha nguvu, itandaze nje kwenye sakafu ya saruji, nyembamba na imelowa, ijirudishie oksijeni. Usiirundike ikiwa kavu, kwa maana inapata joto yenyewe na inaweza kuwaka. Kuna waliochoma vibanda kwa kutojua hilo.

Niguse kidogo ile seli ya fueli ya utando wa plastiki inayotumia hidrojeni kwenye nyuzi 60 hadi 80, kwa sababu wanafunzi huiuliza. Dodoma iko mita 1,120 hivi juu ya usawa wa bahari, na msukumo wa hewa hapa ni takriban asilimia 88 ya ule wa Dar es Salaam. Volti inapungua kidogo mno, lakini feni lazima isukume hewa zaidi kwa asilimia 14 hivi ili ilete oksijeni ile ile. Sasa hewa yetu ya kiangazi ni kavu, na utando huo hupitisha ioni ukiwa na unyevu tu. Ukiongeza feni, unaukausha. Anayetaka kuifanyia kazi hapa aanze na unyevushaji wa hewa kabla ya kitu kingine chochote.

Turudi kwenye 3.2.

Chuma ni rahisi kuliko kobalti na kimejaa kila mahali. Tatizo ni kwamba katika oksaidi ya kawaida kisima cha chuma ni kifupi na volti haitoshi. Mwaka 1997 Goodenough, pamoja na Akshaya Padhi na Nanjundaswamy, walichapisha fosfeti ya lithiamu na chuma. Humo kila oksijeni imeshikwa na fosforasi. Fosforasi inavuta elektroni za oksijeni kwake, kwa hiyo oksijeni inapunguza kubanana na chuma, na kisima cha chuma kinazama. Kinafika volti 3.45 dhidi ya lithiamu tupu. Toa sehemu ndogo inayoliwa na kinywe upande wa pili na hasara za njiani, unabaki na 3.2. Namba iliyoko juu ya seli yenu imetoka hapo.

Mshiko huo huo unajibu swali la pili. Oksijeni iliyoshikwa na fosforasi haitoki kirahisi hata seli ikiwa imejaa na imepata moto. Ule uchochezi wa ndani tuliouona kwenye kobalti haupo. Sisemi haiungui. Elektroliti yake bado ni kimiminika kinachowaka, na ukiipiga shoti au ukiichaji kupita kiasi itavimba na kutoa gesi inayoweza kulipuka chumbani. Ila kutoka kuharibika mpaka kuwaka kuna safari ndefu zaidi, na safari hiyo ndiyo inayookoa watu.

Poda hiyo ilipotoka wengi waliidharau, kwa sababu elektroni hazipiti ndani yake, karibu sawa na kizio. Ilipona kwa kusagwa iwe laini sana na kupakwa kaboni. Wapo wanaochanganya sukari kabla ya kuchoma, ikiungua inaacha ngozi ya kaboni juu ya kila chembe. Huchomwa ndani ya nitrojeni au agoni, kwenye nyuzi 600 hadi 700. Ukiichoma hewani, chuma kinaoksidika na unapata poda nyekundu isiyofaa kitu.

Tupige hesabu, wanafunzi mtoe kalamu. Moli moja ya elektroni ni kulombi 96,485. Gawa kwa 3,600 upate ampea-saa 26.8. Moli moja ya fosfeti ile ina uzito wa gramu 157.8. Kwa hiyo gramu moja inabeba ampea-saa 0.17. Seli ya ampea-saa 100, yaani Ah 100, inahitaji angalau gramu 588 za poda, na ndani yake lithiamu ni gramu 26 tu. Betri nzima ya seli nne ina lithiamu gramu 104 hivi, chuma gramu 830, na kinywe kisichopungua kilo moja, kwa kuwa gramu moja ya kinywe inabeba ampea-saa 0.372. Kinywe ni mara kumi ya lithiamu! Hizi ni hesabu za chini kabisa, kiwandani huzidishwa. Lakini kinywe hakitoki mgodini na kuingia kwenye betri. Lazima kisafishwe kifikie asilimia 99.9 na zaidi, kiviringishwe kuwa vipunje vya mviringo, kisha kipakwe kaboni. Thamani kubwa iko kwenye hatua hizo tatu, na ndizo ningependa kuona wanafunzi wa hapa wanazisomea.

Sasa mafundi. Makosa ninayoyaona yanarudiwa zaidi yanaanzia pale betri ya asidi inapotolewa, ya fosfeti inawekwa, na chaji kontrola inaachwa ilivyokuwa.

Kontrola ya asidi ina hatua ya kusawazisha, inayopandisha mpaka volti 15 na zaidi. Seli nne za fosfeti mwisho wake ni 3.65 mara nne, yaani 14.6, na kwa maisha marefu weka 14.2 hadi 14.4. Ikifika 15, BMS inakata. Watu wanadhani kwa kukata huko ulinzi umekamilika, kumbe kontrola sasa ina paneli upande mmoja na haina betri upande wa pili. Volti inaruka, na kontrola nyingine huungua au kuunguza taa. Kwa hiyo zima kabisa hatua ya kusawazisha. Na siku zote unganisha betri kwanza ndipo paneli. Kwenye kufungua anza na paneli.

Pili, kontrola ya asidi inapunguza volti ya chaji kadiri joto linavyopanda, kwa kawaida milivolti 3 kwa kila seli kwa kila nyuzi moja. Seli sita, milivolti 18. Chini ya bati la mwezi Novemba, kifaa kikisoma nyuzi 40, juu ya 25 zimezidi 15, kwa hiyo kinashusha volti 0.27. Betri haijai, bodi haipati nafasi ya kusawazisha seli, na baada ya miezi zinaachana. Weka sifuri hapo. Betri yenyewe iondoeni karibu na bati. Ifungwe ukuta wa ndani, chini, kwa sababu juu ya nyuzi 45 maisha yake yanakatika haraka.

Tatu, kusoma ujazo kwa mita ya volti. Kwa asidi ilisaidia. Kwa fosfeti, kati ya asilimia 20 na 90 seli inazunguka hapo hapo 3.2 hadi 3.35. Mteja anaona 13.2 anafurahi, saa mbili baadaye giza. Fungeni kifaa kinachohesabu ampea zinazoingia na kutoka.

Nne, viungo. Kuna fundi atakayesema bolti ni bolti. Inveta ya wati 1,000 kwenye betri ya volti 12.8, pamoja na hasara zake, inavuta karibu ampea 90. Kiungo kilicholegea au chenye utando wa oksaidi ya alumini kikiwa na ukinzani wa milioamu 2 tu, kinakula volti 0.18 na kutoa joto la wati 16 kwenye nati moja. Plastiki ya seli inalainika. Na kwa sababu ile waya nyembamba ya BMS mara nyingi imefungwa juu ya kiungo hicho hicho, bodi inaona seli moja iko chini kuliko wenzake na kukata umeme, nawe unalaumu seli nzima. Sugua uso wa kiungo kwa msasa laini, futa, funga mara moja, kaza kwa kipimo cha mtengenezaji. Baada ya nusu saa ya mzigo, pitisha kipimajoto au mkono kwa tahadhari: kiungo chenye moto kuliko vingine ndicho kibovu.

Kabla ya kufunga seli mpya, zisawazishe. Zichaji kwanza zikiwa mfululizo na BMS, mpaka bodi ikate kwa seli moja kujaa. Kisha zitenganishe, ziunganishe sambamba, chanya kwa chanya, na uziwekee chanzo cha umeme kilichopangwa 3.65 kabla hakijaunganishwa. Wapo waliosahau kukitoa kwenye 14.6, na seli nne zikafa kwa mchana mmoja. Kosa jingine ni la subira. Chanzo kinaonyesha 3.65, mita kwenye seli inaonyesha 3.40, fundi anapandisha chanzo ili mambo yaende haraka, halafu anakwenda kula. Tofauti ile ilikuwa inaliwa na waya. Ampea zikipungua waya haili tena, na seli zinapokea volti yote. Usipandishe. Subiri mpaka mkondo ushuke chini ya ampea 5 kwa kila seli ya Ah 100, yaani 20 kwa nne. Chanzo kidogo cha ampea 10 kiache kishuke hadi 2 au 3.

Mwisho ni kupima ujazo, kwa sababu sokoni kuna seli zilizotumika zimevikwa plastiki mpya. Anza na mizani: seli halisi ya Ah 100 ina uzito wa karibu kilo 2. Kisha ijaze, iache ipumzike saa moja, ivute ampea 20 bila kukatiza mpaka ifike 2.5, ukiandika muda. Saa tano ni Ah 100. Saa tatu na nusu ni 70, na hiyo irudishwe dukani.

Tusogee sasa mezani. Seli zipo nne, mita zipo mbili. Wekeni kwenye volti za DC, na someni tarakimu tatu baada ya nukta, maana kwenye fosfeti 3.290 na 3.330 vinaweza kuwa seli mbili zenye ujazo tofauti kabisa. Wanafunzi wa mstari wa mbele waanze na seli ya kwanza, wasome kwa sauti, mwalimu aandike ubaoni.